Baba Alikufa Kabla Hatujazaliwa

"Kanyiva, baba alikufa mwaka gani?"

Nilikuwa nakaanga vitunguu jikoni kwa Madam Veronicah, Kileleshwa, simu nimeibana kwa bega. Kwa Stacy, huko Canada, ilikuwa bado asubuhi na mapema. Dada yangu si mtu wa kuamka mapema bila sababu, kwa hivyo nikapunguza moto.

"Baba gani?"

"Baba! Kitheka! Kwani tuna mwingine?"

"Themanini na nane. Si unajua."

"Na mimi nilizaliwa lini?"

"Tisini na tisa."

Nikasikia akivuta pumzi kama mtu aliyebeba mtungi wa maji.

"Basi," akasema, "hesabu hiyo ndiyo imenishika."

Stacy ni mdogo wangu. Mimi niliishia darasa la nane nikaja Nairobi kufanya kazi za nyumba. Yeye aliendelea, akapata udhamini wa kanisa, akaenda Canada kusomea mambo ya maabara. Alihitimu vizuri. Picha ya siku ile, na joho na kofia ya bapa, iko kwa simu yangu mpaka leo. Baada ya kuhitimu alipewa kibali cha kufanya kazi huko kwa muda, lakini kibali hicho ni cha mara moja tu. Kikiisha hakiongezwi. Ni lazima kabla hakijaisha uwe umepata ruhusa ya kukaa daima, ile wenyewe huita PR, la sivyo unafunga virago.

Alikuwa ameomba. Mtihani wa lugha alipita, daktari alimpima akampitisha, polisi wa hapa walituma barua kwamba hana kesi. Tulikuwa tunangoja jibu tu. Jibu halikuja, kikaja kitu kingine: ofisa wa uhamiaji alikuwa ameandika kwamba ana shaka na maelezo ya Stacy. Inawezekanaje baba yake awe alifariki miaka kumi na mmoja kabla yeye hajazaliwa? Kama ni uongo, ombi litakataliwa, na mtu aliyedanganya hafunguliwi tena mlango wa nchi hiyo kwa miaka mitano. Alipewa mwezi mmoja ajieleze.

Kwetu Mwingi hakuna mtu angeuliza swali kama hilo.

Kitheka na mkewe, Kaindi, hawakujaliwa mtoto. Kitheka aliumwa na nyoka akiwa shambani, akafa, akamwacha Kaindi na boma, mbuzi, na nyumba isiyo na sauti. Kwa desturi ya Wakamba, mjane wa namna hiyo haketi tu akalia. Anaweza kuchukua mbuzi kutoka boma la mumewe, akaenda kwa watu, akaposa msichana na kumwoa, ili msichana huyo azae watoto kwa jina la marehemu. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Hawalali pamoja, hakuna mambo hayo. Ni kwa ajili ya nyumba. Mama yetu, Mwendwa, alikuwa iweto wa Kaindi. Aliyetuzaa kwa damu hatumuulizii, na kijijini hakuna anayemuulizia. Mbuzi walitoka boma la Kitheka, kwa hivyo sisi ni watoto wa Kitheka. Mimi nilipewa jina la mama yake Kitheka, ndiyo maana Kaindi, ambaye sisi tunamwita Susu, yaani nyanya, yeye huniita mwaitu, yaani mama. Mama yetu alipofariki tukiwa wadogo, ni Susu aliyetulea.

Stacy alipofika kwa swali la baba kwenye fomu, aliandika Kitheka. Wakauliza alikufa lini, akaandika mwaka wenyewe. Hakufikiria mara mbili. Ndivyo tulivyokuwa tukijibu tangu shule ya chekechea.

"Si uwaeleze tu," nikamwambia.

"Niwaeleze nini? Eti nyanya yangu alioa mama yangu? Kanyiva, hawa watu watafikiria ni yale mambo yao. Halafu wataniuliza cheti cha ndoa, nitawapa nini? Kinyesi cha mbuzi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kuna mtu River Road," akasema, sauti imeshuka. "Anaitwa Kibe. Msichana mmoja tulikuwa na yeye chuo alimtumia. Anachapa vyeti. Atachapa cheti cha kifo cha baba chenye tarehe nyingine, mimi niseme nilikosea kuandika. Nenda tu, umwambie umetumwa na mimi."

Vitunguu vilikuwa vimeungua. Nikavimwaga nikaanza upya.

*

Duka la Kibe liko orofa ya kwanza, juu ya watu wa kuuza misumari na mabati. Nilipanda ngazi nikakuta kijana nadhifu, shati jeupe, miwani. Ungefikiria ni mwalimu wa Sunday school.

"Niaje, madam. Karibu kiti. Wewe ni wa Stacy wa Canada? Poa. Jina la marehemu?"

"Kitheka Ngui."

Akaandika kwa kompyuta. "Unataka afe lini?"

Nikamkodolea macho. Akadhani sikuelewa.

"Yaani tarehe. Mteja ni wewe. Huyo mdogo wako ni wa tisini na tisa? Tumpe mzee muda kidogo na mtoto, amuone akitembea. Elfu mbili na tatu ni sawa?"

"Sawa," nikasema, ndiyo nione anavyofanya.

"Alikufa na nini?"

"Nyoka."

"Aa, nyoka hapana. Nyoka itawafanya wasimame hapo waanze kufikiria. Tuweke malaria. Malaria haina maswali."

Akabonyeza, akanigeuzia kioo nitazame. Hapo ndipo nikamwona Kitheka, mtu ambaye sijawahi kumwona, akifa kwa malaria mwaka elfu mbili na tatu. Nikatazama kwa muda. Mimi si mwepesi wa kusoma lakini nikianza kutazama kitu huwa sikiachi mpaka kiniambie kiko vipi. Nikajiuliza: mwaka huo mimi nilikuwa msichana wa miaka saba, mama alikuwa hai, sote tulikuwa tunakula kwa sufuria ya Susu. Kama Kitheka alikuwa bado anaishi, basi Susu hakuwa mjane. Kama hakuwa mjane, mbuzi aliowapeleka kwao mama walikuwa wa nini? Mama alikuwa nani katika ile nyumba? Mfanyakazi? Mgeni? Na sisi?

"Niprinti?" akauliza Kibe.

"Futa."

"Nifute?"

"Mwache afe vile alikufa."

Kibe akavua miwani akaniangalia. "Madam, mimi nimeona watu wakikataa hii kazi kwa sababu ya bei. Wewe ni wa kwanza kukataa kwa sababu ya nyoka."

*

Stacy alinipigia kelele mpaka nikaweka simu kwa meza.

"Unataka nirudishwe kwa sababu ya mbuzi? Miaka yote hii, Kanyiva! Nimesafisha choo za watu usiku nikisoma mchana, halafu nirudi nyumbani niseme nini? Kwamba dada yangu alikataa kubadilisha namba moja?"

"Ukibadilisha hiyo, utabadilisha nyingine. Wakikuuliza mama aliolewa lini, utasema nini? Wakimpigia chifu?"

"Hawawezi kumpigia chifu."

"Una uhakika?"

Akaguna.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia. "Nitafute mtu wa sheria. Tuandike ilivyokuwa."

"Wewe na subira yako," akasema. "Utakuja kungoja mpaka kaburi lako lichimbwe na watu wachoke."

Lakini hakusema hapana.

Madam Veronicah alinipa ruhusa. Nilimweleza hadithi yote akiwa anakunywa chai, akaniuliza mara tatu, "Nyanya yako alioa?" kisha akasema niende, lakini niache chapati za watoto zimepikwa.

Wakili niliyempata yuko hapo hapo River Road, jengo la pili kutoka kwa Kibe. Anaitwa Rachael Odero. Kazi yake nyingi ni watu walioumia kwa ajali na ndugu wanaopigania shamba. Ni mama mnene, mcheshi, ana feni ndogo ameielekeza shingoni. Nikamweleza. Alisikiliza bila kuandika chochote, mwishowe akagonga meza kwa kicheko.

"Ngai! Nyinyi Wakamba! Kwetu mtu akifa, mjane anarithiwa na shemeji. Kwenu mjane anajitoa, anaenda kuoa! Mko mbele sana."

"Itakubalika huko?"

Kicheko kikaisha. Akawa mtu mwingine, wa kazi. "Sitakudanganya. Huko kuna mtu mmoja amekaa kwa meza yake, na huyo mtu hajawahi kuona mbuzi wa mahari. Lakini jambo hili si uzushi. Mahakama zetu zinalijua, na kuna maprofesa wamelichunguza. Hayo nitaambatanisha mimi. Mimi nahitaji vitu viwili kutoka kwenu. Nahitaji huyo mwenye kuoa mwenyewe, aje aape hapa mbele yangu. Na nahitaji mtu wa upande wa bibi harusi, aliyekuwepo siku ya mbuzi. Kwenu mnaitaje?"

"Ntheo."

"Hiyo. Mtu aliyeona ntheo. Nyanya akisema peke yake, wataona ni nyanya anamsaidia mjukuu. Kuko na mtu?"

Kuko na mmoja tu. Mjomba Mutie, kaka yake mama. Wengine wote walikufa.

*

Mjomba Mutie anachinja ng'ombe kichinjioni Dagoretti. Nilimkuta uani, amevaa viatu vya gumbuti na koti jeupe lililokwisha kuwa si jeupe, akiosha kisu. Rafiki yake, mwanamume mrefu anayeitwa Gichuru, alikuwa amekaa kwa kreti anakula mahindi.

"Mutie, huyu ni binti yako?"

"Ni mpwa."

"Aa! Wa yule dada yako aliyeolewa na mwanajeshi?"

Nikamwangalia mjomba. Mjomba akaangalia kisu.

"Eeh," akasema. "Huyo."

Nikamsalimia Gichuru, nikauliza hali ya kazi, nikangoja. Gichuru alipokwenda kupokea ng'ombe, mjomba akanivuta kando ya ukuta.

"Usiniangalie hivyo. Ulitaka niwaambie nini? Hawa watu ni wa kucheka. Mtu akijikwaa leo atachekwa mpaka Krismasi. Nikiwaambia shemeji yangu ni nyanya?"

Nikamweleza ya Stacy. Alisikiliza vizuri, hata akaniuliza habari za baridi ya huko. Lakini nilipofika kwa wakili akaanza kutikisa kichwa.

"Hapana. Mimi nitume sala, nitume hata nyama, lakini sitaenda kuandikisha jina langu kwa serikali eti dada yangu aliolewa na mwanamke. Siku hizi unajua watu wanavyosema. Wataandika gazetini."

"Mjomba, nani ataandika gazetini?"

"Huwajui watu."

Sikubishana. Mjomba wangu ukimbishia anakuwa kama ng'ombe aliyenusa damu, hasongi mbele wala nyuma. Nikanunua chai kwa kibanda cha nje, nikakaa nikitazama. Nilimwona akifanya kazi. Kila mtu akipita anamtania, naye anatania. Anapendwa. Nikaelewa kwamba hamkatai Stacy. Anaogopa kupoteza uani ule, kicheko kile anachokijua. Nikamaliza chai nikaenda zangu, na jioni hiyo nikampigia jirani yetu Mwingi anipe Susu.

Nikamweleza yote. Susu alinisikiliza, kisha akasema, "Kesho nitapanda basi, mwaitu. Umwambie huyo Mutie asiende mahali."

"Susu, yeye anafanya kazi kwa kichinjio, si mahali pa…"

"Nani amekwambia naogopa damu?"

*

Alishuka kwenye basi amevaa sweta mbili na kitambaa cha kichwa cha maua mekundu, kiondo mgongoni, miguu imevimba. Nikamwambia apumzike kwanza. Akaniambia atapumzika akifa kama Kitheka.

Tulifika Dagoretti wakati wanunuzi wanapakia nyama. Uani kulikuwa na wanaume labda ishirini, wengine wamebeba mapande begani, wengine wanapigia bei kelele. Susu akasimama katikati ya lango, gari zikashindwa kupita.

"Mutie!"

Mjomba alitoka ndani akifuta mikono. Alipomwona, uso ukamshuka.

"Susu! Karibu. Twende pembeni tuongee, hapa kuna fujo."

"Sitaki pembeni. Nimetoka Mwingi kukuuliza neno moja, na miguu yangu ni mibaya, sitembei tena. Mbuzi dume wa ntheo. Ulimla au hukumla?"

Kelele za bei zikapungua. Wanaume ni kama watoto, wakisikia mzee anamgombeza mwenzao wanasogea.

"Susu, tafadhali."

"Ulimla au hukumla?"

Niseme hapa jambo ambalo Mkamba yeyote anajua. Mbuzi wa ntheo wakishapelekwa kwa kina msichana, dume anachinjwa, watu wa nyumba ile wanamla. Hapo ndoa imefungwa. Mtu anaweza kukataa mengine yote, kwamba sherehe ilikuwa ndogo, kwamba mahari haikuisha. Lakini aliyekula ile nyama hawezi kusema ndoa haikuwepo. Mdomo wake wenyewe ulishuhudia.

Mjomba akafuta mikono tena. "Nilimla."

"Nani alimchinja?"

"Ni mimi. Nilikuwa kijana."

"Ulimchinja vibaya, nakumbuka. Aliletwa na nani?"

Akaangalia chini. Akaangalia Gichuru. Akaniangalia mimi, na mimi sikumsaidia.

"Aliletwa na wewe."

"Nikimwoa nani?"

"Ukimwoa dada yangu Mwendwa," akasema mjomba, na sauti haikuwa ndogo tena, kama mtu aliyeamua kuruka mtaro badala ya kuuzunguka. "Ulimwoa dada yangu, na ulimtunza vizuri, na hukuwahi kumpiga hata siku moja. Ni kweli. Haya."

Ng'ombe mmoja akalia ndani.

Gichuru akamwangalia Susu kutoka kitambaa mpaka viatu, kisha akamgeukia mjomba.

"Kwani mwanajeshi ni huyu?"

Watu waliangua kicheko mpaka mmoja akaangusha pande la nyama. Mjomba aliuficha uso kwa mikono. Susu akauliza, "Mwanajeshi gani?" na hiyo ikawafanya wazidi. Gichuru akamwendea Susu, akamshika mikono yote miwili kwa heshima.

"Shosho, karibu. Usijali huyu mjinga. Hata shosho yangu mimi, nyanya yangu kule Murang'a, alioa. Tena alioa wawili! Mimi natoka kwa nyumba ya yule wa pili." Akamgeukia mjomba. "Miaka yote hii unatuletea mwanajeshi? Kila Krismasi nakuuliza ni wa kambi gani, unaniambia ni siri ya jeshi!"

Mjomba naye akaanza kucheka, machozi yakimtoka. Akavua koti lake la kazi hapo hapo.

"Huyo wakili yuko wapi?" akaniuliza.

*

Ofisini kwa Rachael Odero tulijaza viti vyote. Nilimpigia Stacy ili awe anasikia. Alisema salamu fupi kwa Susu.

"Jina la bibi harusi?" wakili akaanza.

"Mwendwa," akasema Susu.

"Bwana harusi?"

"Mimi. Kwa niaba ya Kitheka, lakini mbuzi nilibeba mimi."

"Ulimwoa kwa nini?"

Nilidhani atasema kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya jina. Alisema hayo baadaye. Kwanza alikaa akifikiria, akipangusa magoti.

"Nyumba yangu ilikuwa imenyamaza," akasema. "Niliambiwa kuna wasichana watatu wanaofaa. Nikaenda kisimani nikakaa siku nzima nikiwasikiliza wakichota maji. Huyu Mwendwa alikuwa anacheka hata ndoo ikimwagika. Nikasema, huyo. Nilitaka mtu wa kucheka ndani ya nyumba yangu. Na alicheka. Mpaka alipougua alikuwa anacheka. Hawa watoto wawili walizaliwa mikononi mwangu, mimi ndiye niliyekata kitovu cha wote. Sasa nani anasema hawana baba?"

Wakili aliacha kuandika. Feni ilikuwa inazunguka tu. Mama alipofariki Stacy alikuwa na miaka minne, hakumbuki kicheko chake. Hakuna mtu alikuwa amemwambia habari ya kisima. Hata mimi nilikuwa naisikia siku hiyo.

Kisha Stacy akasema kutoka kwa simu, sauti nzito, "Wakili, hiyo yote iandike. Usipunguze."

"Na mimi je?" akasema mjomba. "Andika huyo dume alikuwa na doa jeupe kwa paja."

"Doa halisaidii kitu, mzee."

"Linasaidia! Litaonyesha nilikuwepo!"

Likaandikwa. Wakili alitusomea yote kwa Kiswahili, sentensi moja moja, kisha mjomba akaweka sahihi na Susu akaweka kidole gumba, akakibonyeza muda mrefu kana kwamba anapanda mbegu. Wakili aliambatanisha vitabu vyake na maneno ya mahakama, akatuma. Tulipotoka, aliniambia pale mlangoni, "Sasa ni kungoja. Unaweza?"

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

Mjomba alikataa Susu arudi Mwingi na ile miguu. Akamchukua kwake Dagoretti, mkewe akawa anamkanda kwa maji ya chumvi. Niliwatembelea kila siku yangu ya mapumziko. Nilikuta Susu amewekewa kiti karibu na kibanda cha chai, wachinjaji wanamsalimia "shikamoo, afande", naye amekwisha kuwazoea, anawatukana kwa Kikamba.

*

Jibu lilikuja Jumanne. Nilikuwa juu ya paa la jengo, naanika shuka. Simu ikalia, ya video. Stacy alikuwa nje, mahali pa kuegesha magari, theluji imejaa nyuma yake, amevaa koti la maabara bila jaketi, kama mwendawazimu. Machozi yanamtiririka.

"Stacy? Wamekataa?"

Akatikisa kichwa. Akanigeuzia simu nione kompyuta ndogo aliyoiweka juu ya gari. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, yanacheza kwenye kioo. Nikamwambia ashike vizuri. Nikasoma polepole, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa darasa la pili.

Ombi lilikuwa limekubaliwa.

"Sitoki," akasema Stacy, sasa anapiga kelele. "Kanyiva, sitoki! Hakuna mtu wa kunitoa! Wameandika maelezo ya familia yametosheleza. Yametosheleza! Umesikia hilo neno?"

Nililisikia. Nililisikia, na nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi, mpaka askari wa lango akakimbia juu kwa ngazi na rungu akidhani kuna mwizi. Nikamkumbatia na shuka mbichi. Maskini alikuwa anaitwa Obuya, mtu mstaarabu sana, alisimama tu mikono juu akiuliza, "Madam, ni nini? Ni nini?"

"Dada yangu amepata PR!"

"Ya Canada?" Akatupa rungu. "Woi! Basi hongera! Hongera kwetu sote!"

Madam Veronicah aliposikia, alisema shuka zitajianika zenyewe. Nilikwenda Dagoretti kwa bodaboda, simu nimeishika kifuani, Stacy bado yuko ndani yake. Alikuwa ameingia garini kuota joto, hakutaka kukata.

Susu alikuwa kwa kiti chake. Nilimpa simu bila kusema kitu. Akaishika mbali na macho, akamwona Stacy, akaona machozi.

"Unalia nini?"

"Susu, wamekubali."

"Wamekubali nini?"

"Nikae. Daima. Wamesoma maneno yako, wakaamini."

"Waliamini kwamba nilioa?"

"Waliamini, Susu. Kila kitu."

Susu akainuka, na miguu yake ile mibaya, akatembea hatua chache mpaka pale uwanja ulipo wazi, simu bado mkononi. Hakuzungumza na Stacy. Alizungumza Kikamba, kwa sauti ya kawaida, ile mtu anayotumia na mumewe aliye chumba cha pili.

"Kitheka," akasema. "Unasikia? Siku ile ya nyoka ulisema nyumba imekwisha. Sasa iko hapa na iko ng'ambo. Mtoto wako amepewa mahali pa kukaa, na hakuna aliyemfukuza. Nimemaliza nilichokuahidi."

Stacy alisikia kila neno. Nilimwona kwenye kioo, ameweka kiganja mdomoni.

Halafu Susu akapiga vigelegele. Sikujua mwili ule mdogo bado una pumzi nyingi hivyo. Vilipita juu ya mabati, vikafika ndani kabisa, wachinjaji wakatoka na visu vyao, Gichuru mbele, wanauliza ni harusi gani. Mjomba alipouona uso wangu alijua. Alimnyanyua Susu juu kama mtoto, gumbuti na koti la damu na yote, Susu akimpiga kichwani amshushe. Gichuru alianzisha wimbo wa Kikuyu, wengine wakaitikia ovyo ovyo, na mwenye kibanda akatangaza chai ni ya bure mpaka birika liishe.

Mnunuzi mmoja mgeni, mwenye pikapu, alikuwa amesimama na pesa yake mkononi akingoja nyama. Akamuuliza mjomba kelele ni ya nini.

"Mpwa wangu amepata kukaa Canada daima. Amesoma huko, anafanya kazi ya maabara."

"Safi sana," akasema yule mtu. "Baba yake lazima anajivunia. Yeye ni nani, namfahamu?"

Mjomba Mutie akajinyoosha. Akanyoosha kidole mbele ya uani wote.

"Yule pale," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "mwenye kitambaa cha maua mekundu. Nenda umsalimie."